Mikono Nyuma ya Mgongo

Kabla wanafunzi hawajafika, mwalimu hupita meza kwa meza akiweka kipande cha boksi chini ya kila mausi. Ni maboksi ya mafuta ya kula yaliyokatwa kwa wembe, kila kipande upana wa viganja viwili. Upande wenye maandishi ya kiwanda anaulaza chini, upande wa kahawia usio na kitu unatazama juu. Meza za chumba hiki zimefunikwa kwa vioo, na mausi ya taa haioni kitu juu ya kioo safi. Ndani ya tumbo lake kuna kamera ndogo inayoupiga picha uso wa meza zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde, ikilinganisha kila picha na iliyotangulia ili ijue imesogea upande gani na kwa kiasi gani. Kioo hakina alama za kulinganisha. Boksi lina nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi ndizo inazozisoma. Mwalimu anaisogeza kila mausi kidogo, anatazama mshale kwenye skrini, anakwenda meza inayofuata.

Hiki ni chumba cha nyuma cha steshenari moja hapa Ifakara, upande wa Kibaoni. Chumba cha mbele kina mashine ya kudurufu, printa mbili, na vijana wanaosubiri kujaziwa maombi ya kazi kwenye Ajira Portal au ya mkopo wa chuo. Ukipita pazia la kitenge unakuta kompyuta tano za mtumba, feni moja ya kusimama na stuli za plastiki. Joto la bonde la Kilombero mwezi Machi linajulikana. Feni inageuka polepole kutoka ukuta hadi ukuta, na watu wamejifunza kuandika upepo ukiwa kwao na kujifuta jasho ukiwa kwa wenzao.

Wanafunzi wa awamu hii ni wanne. Yupo mwalimu mkuu wa shule ya msingi kutoka ng'ambo ya mto, anayepita daraja la Kilombero lenye mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018; kabla halijajengwa safari yake ingetegemea pantoni. Yupo muuguzi mkunga wa zahanati. Yupo mama anayeshika daftari la mashine ya kukoboa mpunga. Na yupo kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye simu kubwa kuliko ya mtu yeyote chumbani. Mwalimu wa kompyuta ni mdogo kwa umri kuliko watatu kati yao. Asubuhi humwamkia mwalimu mkuu "shikamoo" kwa kupiga goti kidogo, mzee anaitikia "marahaba, mwalimu," naye anajibu "karibu, mwalimu." Dakika tano baadaye anamwelekeza kidole gani kikae wapi.

Somo la kwanza halina kibodi. Kibodi zote zimesukumwa nyuma ya skrini, makusudi, ili asiwepo wa kuzigusa. Wanaanza na kuwasha: stabilaiza kwanza, subiri sindano itulie; kisha yu-pi-esi, ile yenye betri ya akiba, subiri ilie na kunyamaza; kisha skrini; mwisho kasha la kompyuta yenyewe. Baada ya hapo wanasubiri. Kwenye uso wa kasha kuna kitaa kidogo kinachopepesa kila diski inaposomwa, na sharti la mwalimu ni kwamba hakuna anayegusa mausi mpaka kitaa kimeacha kupepesa kwa fujo. Kwenye mashine hizi za zamani hilo linachukua muda wa kuongea habari za mvua na bei ya mpunga, na ndivyo wanavyofanya. Picha za mwanzo zikionekana, kijana ananyoosha mkono. Mwalimu hasemi kitu, anamtazama tu. Mkono unarudi.

Ndipo anapotoa mfukoni mausi ya kizamani, ile ya gololi, na kuifungua tumbo kwa kuzungusha kifuniko. Gololi ya mpira inadondoka kiganjani. Ndani zinaonekana roda mbili nyembamba zilizokaa kwa pembe mraba: moja huzungushwa na mwendo wa kushoto na kulia, nyingine na mwendo wa kwenda mbele na kurudi. Anaichomeka kwenye kompyuta, kisha anaipitisha kwa kila mmoja azungushe roda kwa ukucha huku wenzake wakitazama mshale unavyokwenda. Mama wa mashine ya mpunga anaizungusha roda ya kwanza, mshale unakwenda kulia. Anaizungusha ya pili, unashuka. Anazungusha zote mbili kwa vidole viwili, mshale unakwenda mshazari, naye anacheka kwa sauti. Mtu aliyewahi kukaza mkanda wa mashine haelezwi mara mbili habari za roda.

Chombo hicho kilianza hivyohivyo, kwa magurudumu mawili yaliyokaa kwa pembe mraba ndani ya kipande cha mbao, katika maabara ya Douglas Engelbart huko California miaka ya 1960. Engelbart alikionyesha hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Watafiti wa Xerox waliifanya skrini kuwa ya madirisha na picha katika miaka ya 1970, na kwa watu wengi wa kawaida jambo hilo lilifika na Windows 95, mwezi Agosti mwaka 1995. Mwalimu hasemi yote haya darasani. Anasema tu kwamba hata aliyeitengeneza alianza na mbao, kisha anarudisha gololi mahali pake.

Sasa mkono. Chini ya kiganja, pale kinapoungana na kifundo, pakae mezani wala pasielee. Kidole gumba na kidole cha pete vishike ubavu wa mausi bila kubana. Cha shahada kilale juu ya kitufe cha kushoto, cha kati juu ya cha kulia, vyote viwili vimelala wakati wote, hata visipokuwa na kazi, kwa sababu kidole kinachoshuka kutoka juu huisukuma mausi kabla hakijaibofya. Mwanafunzi mpya karibu kila mara huibana mausi kwa vidole vyote vitano na kuinua kiwiko. Mshale unaruka hadi pembe ya skrini na kupotea, naye anaugeuza mwili mzima kuufuata. Mwalimu mkuu alifika ukingoni mwa meza, mausi ikaning'inia nusu hewani, mshale ukiwa bado katikati ya skrini. Akaganda hapo, hajui la kufanya.

Mtu mwingine angeushika mkono wa mzee na kuurudisha. Mimi ningeushika. Mwalimu alisimama nyuma ya stuli, mkono wake wa kulia ukiwa umekamata kifundo cha mkono wa kushoto, vyote nyuma ya mgongo. Husimama hivyo muda wote wa darasa. Katika vipindi nilivyokaa pembeni nikitazama, hakuigusa mausi ya mwanafunzi hata moja. "Mwalimu," alimwambia, "inyanyue. Ikiwa hewani haioni kitu. Irudishe katikati, uishushe, uendelee." Mzee akainyanyua. Mshale haukutikisika. Akairudisha, akaishusha, akasukuma, mshale ukaendelea pale ulipoachwa. Akarudia peke yake, kwa raha, akiangalia mausi na skrini kwa zamu, mpaka akaacha kuangalia mausi.

Kuna kazi nyingine ambayo wanafunzi hawaioni. Mwalimu amemfungulia kila mmoja akaunti yake kwenye kompyuta, na ndani ya kila akaunti amepanga mwendo wa mshale na muda wa kubofya mara mbili kulingana na mkono wa mwenyewe. Windows ikiwa haijabadilishwa hutoa nusu sekunde kati ya mbofyo wa kwanza na wa pili. Ikipita hapo, inahesabu mibofyo miwili tofauti. Kwa mkono mgeni nusu sekunde ni fupi. Kwa hiyo kwa mwalimu mkuu amerefusha muda huo hadi mwisho wa kipimo, na mshale wake ameupunguza mbio na kuukuza umbo. Siku zinavyokwenda, jioni wakishaondoka, anaingia kwenye mipangilio na kusogeza vipimo hivyo kidogo kuelekea kawaida. Hamwambii mtu. Awamu ikiisha, kila mwanafunzi anatumia mausi kwa vipimo vilevile atakavyovikuta kwenye kompyuta ya ofisi yake, naye anaamini kwamba ni mkono wake tu uliozoea. Kwa kweli ni mkono wake.

Kubofya mara mbili ndiko kunakokula muda kuliko jambo lolote la wiki ya kwanza, na ndiko nilikopenda kutazama. Kosa lina sura mbili. Ya kwanza ni kuchelewa. Ukibofya jina la faili, ukapumua, ukabofya tena, Windows inadhani unataka kubadilisha jina: maandishi yanageuka rangi, na herufi yoyote itakayoguswa inalifuta jina la zamani. Mafaili mengi ya ofisi zetu yenye majina ya ajabu yalibatizwa hivyo. Sura ya pili ni kutikisika. Vidole viko haraka vya kutosha, lakini kati ya mbofyo na mbofyo mausi imeteleza nukta chache, na kompyuta haikubali kwamba mibofyo ile ilikuwa ya jambo moja. Dawa za makosa haya hazifanani. Ukimwambia "fanya haraka" mtu anayetikisika, atatikisika zaidi.

Mwalimu anayatofautisha kwa masikio. Anawaambia watazame ukutani, penye kalenda, wabofye bila kuangalia skrini, naye anatembea nyuma yao. Kitufe cha mausi kina sauti mbili, ya kushuka na ya kupanda. Mibofyo miwili mizuri inatoa sauti nne zilizopangana sawa. Kwa muuguzi alisikia mbili, pengo, mbili. "Mama, unasubiri ruhusa," alimwambia. "Usisubiri." Kwa kijana alisikia sauti nne za haraka na, chini yake, mkwaruzo mdogo wa plastiki juu ya boksi. "Wewe unakimbia na mausi. Bofya bila kusafiri." Akamweka kiganja chini kwa maneno tu: bonyeza hapa, legeza hapa. Wakati wanarudi kwenye skrini, sikio lilikuwa limeshamaliza nusu ya kazi.

Baada ya hapo ni karata. Mchezo wa Solitaire uliingia ndani ya Windows na toleo la 3.0 la mwaka 1990, na mashine mbili za zamani za hapa bado zinao kwa umbo lake la mwanzo. Wapo wazazi waliowahi kulalamika mbele kwamba watoto wao wanalipiwa ada ili wacheze karata. Lakini tazama mkono wa mchezaji: anafika juu ya karata, anabonyeza, anabaki amebonyeza, anaivuta hadi kwenye safu nyingine, anaachia pale tu inapotakiwa. Akiachia mapema, karata inarudi ilikotoka bila lawama. Ndiyo kazi ileile ya kuburuta faili kutoka folda hadi folda, ila hapa hakuna barua ya mtu inayoweza kupotea. Muuguzi alimaliza mchezo siku ya tatu, karata zikaruka skrini nzima, na mwalimu akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kesho ataanza kuburuta mafaili.

Kwenye madirisha anatumia mbinu niliyochukua muda kuielewa. Kompyuta nne zina Windows. Ya tano, ile ya pembeni karibu na mlango, ina mfumo mwingine, Ubuntu ya zamani, ya miaka ile ambayo vitufe vya kufunga na kupunguza dirisha viliwekwa upande wa kushoto. Ubuntu ilivihamishia kushoto mwaka 2010 na kuvirudisha kulia mwaka 2017. Angeweza kusasisha mashine hiyo. Ameiacha hivyohivyo, na kila mwanafunzi lazima aikalie kwa zamu. Kijana alipofika pale, mkono ukaenda wenyewe juu kulia. Hakuna kitu. Akabofya hewa mara mbili, mara tatu, akageuka kumtazama mwalimu.

"Soma," alimwambia. "Mahali hapana maana. Tafuta alama."

Akatafuta. Akaipata kushoto. Neno hilo, soma, ndilo analolitumia kuliko yote. Kijana huyu ndiye mwanafunzi wake mgumu, ingawa ndiye mwepesi wa vidole. Amezoea simu, ambako kidole kinagusa kitu chenyewe, na siku ya kwanza aliigusa hata skrini ya kompyuta kwa kidole na kusubiri. Ujumbe ukitokea katikati ya skrini yeye huuondoa kabla haujamaliza kujichora. Wazee wanauogopa ujumbe, kwa hiyo wanausoma. Ujumbe wa kawaida kuliko wote, ule unaouliza kama uhifadhi mabadiliko kabla ya kufunga, una vitufe vitatu: hifadhi, usihifadhi, na ghairi. Vipo kwa Kiingereza kwenye mashine hizi, kwa kuwa kompyuta nyingi wanazokwenda kuzikuta ofisini ziko hivyo, na mwalimu anawataka waseme kwa Kiswahili, kwa mdomo, kila kitufe kitafanya nini kabla ya kukigusa. Mwalimu mkuu anasema polepole, kidole kikiwa kimelala juu ya mausi bila kubonyeza: "Hiki kitaitunza. Hiki kitaitupa. Hiki kitanirudisha." Kisha anabonyeza.

Huwaacha wapotee pale kupotea kunapofundisha. Mgeni akilipunguza dirisha hudhani limekufa, basi hufungua jingine. Na jingine. Mama wa mashine ya mpunga alifika madirisha mengi ya programu ileile, kompyuta ikaanza kukwama, naye akaanza kuilaumu kwamba ni mbovu. Ndipo mwalimu akamwelekeza macho kwenye ukanda wa chini wa skrini, ambako yote yalikuwa yamejipanga. Mama akayafungua moja moja, akayakuta yote na alichoandika ndani yake, akayafunga moja moja. Hakulirudia kosa hilo.

Wiki ya mafaili na folda ndiyo aliyoitayarisha kwa uangalifu mkubwa zaidi. Anatumia mfano mmoja tu, na kwa bonde hili unatosha: ghala la mpunga. Ghala ni diski, vyumba vya ghala ni folda, gunia ni faili, na jina la faili ni karatasi iliyoshonwa kwenye mdomo wa gunia. Mama wa mashine alichukua mfano huo mikononi mwake na kuuendeleza kuliko mwalimu mwenyewe. Alieleza darasa zima kinachotokea msimu wa mavuno wateja wanapoleta magunia yasiyo na alama, na ugomvi unaokuja baadaye, na kwa nini gunia linaandikwa jina kabla halijavuka mlango.

Kisha likaja jaribio la jina. Mwalimu aliwaambia wahifadhi barua fupi kwa jina lenye tarehe ya siku hiyo, akanyamaza. Wote wanne waliandika tarehe walivyozoea kuiandika ubaoni na kwenye daftari, kwa mkwaju kati ya siku, mwezi na mwaka. Windows ikakataa. Mkwaju ni moja ya alama chache zisizoruhusiwa katika jina la faili, pamoja na nukta pacha, kinyota, alama ya kuuliza na nyinginezo, kwa sababu mfumo wenyewe unazitumia kwa kazi zake. Walihangaika. Muuguzi akasoma ujumbe wa kukataa neno kwa neno, akafuta mkwaju, akaweka kistari. Likakubaliwa.

Hapo ndipo mwalimu akaongeza jambo la pili: anzeni na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Wakaandika barua kadhaa za tarehe tofauti kwa mtindo wa zamani, wakazipanga kwa majina, zikavurugika: zikajipanga kwa siku bila kujali mwezi wala mwaka. Wakazibadilisha ziwe 2024-11-07, 2025-01-15, 2025-03-02, wakapanga tena. Zikajipanga zenyewe kwa mpangilio wa kalenda. Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaangalia tena. Nadhani alikuwa anafikiria kabati la ofisi yake.

Kuhusu kufuta, mpangilio wake ni wa makusudi. Kabla hajawafundisha kufuta kitu chochote, amewafundisha kurudisha. Ctrl na Z inatangulia. Pipa la taka linatangulia: wanafungua pipa, wanaona faili limo, wanalirudisha, linakwenda palepale lilipotoka. Wakishaamini kwamba kosa lina njia ya kurudi, hofu inapungua na mkono unalegea. Tofauti inaonekana hata mabegani. Halafu, katika siku waliyokwisha kustarehe, anagawa flashi zenye faili moja kila moja na kuwaambia walifute. Wanalifuta, wanakwenda kwenye pipa kwa kujiamini. Pipa tupu. Kilichofutwa kwenye flashi hakipiti pipani. Yeye alikuwa na nakala za mafaili hayo yote, lakini hakusema hilo mpaka ukimya ulipokaa vizuri.

Nilimuuliza alikojifunza subira hii. Aliniambia kwamba alipokuwa msichana alifanya kazi ya kuingiza takwimu kwenye mradi wa utafiti. Ifakara ina historia ya kazi hiyo kuliko miji mingi ya ukubwa wake: tangu mwaka 1996 Taasisi ya Afya Ifakara imekuwa ikifuatilia kaya za Kilombero na Ulanga, nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia. Kwenye mradi wake, alisema, fomu moja iliingizwa na makarani wawili wasioonana, kisha kompyuta ikalinganisha, na penye tofauti karatasi ilitafutwa na kusomwa upya. Huko aliona kwamba karani aliyekimbia ndiye aliyerudia fomu nyingi. Alilisema hilo huku akikata boksi, wala hakulifanya kuwa mafundisho.

Umeme ulikatika alasiri moja nikiwa hapo. Bonde hili na milima inayolizunguka vinazalisha umeme kwa nchi nzima, Kidatu megawati 204 na Kihansi megawati 180, lakini hilo halikuizuia feni ya chumba kile kusimama. Yu-pi-esi zikaanza kulia, na betri zake za zamani zinatoa dakika chache tu. Hakuna aliyepiga kelele. Nikaona mikono minne ikifanya jambo lilelile kwa mwendo tofauti: Ctrl na S, kufunga dirisha, kufungua menyu, kuzima. Kijana alimaliza kwanza. Mwalimu mkuu alikuwa wa mwisho, kwa sababu alisoma ujumbe uliotokea. Mwalimu alikuwa amesimama gizani nyuma yake, mikono mgongoni, yu-pi-esi ikilia kwa kasi zaidi na zaidi, na hakumhimiza. Skrini ilizimika kwa utaratibu wake, kitaa cha diski kikazimika, ndipo mzee akainuka na kuzima stabilaiza.

Kuhusu uandishi wenyewe, aya, majedwali, herufi nzito, sina mengi ya kusema; unakuja wiki za mwisho na unakwenda haraka, maana mkono na jicho vimeshaiva. Kunakili na kubandika kulichukua kipindi kimoja.

Siku hizi zahanati nyingi zinaandikisha wagonjwa kwenye GoTHoMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali, shule na zahanati zinaweka hesabu zake kwenye mifumo ya namna hiyo, na mingine iko njiani. Mafunzo ya mifumo hii huanza kwenye ukurasa wa kuingilia, kwa kudhani kwamba kila aliyeketi anajua kubofya mara mbili, kulipata dirisha lililopunguzwa na kulihifadhi faili mahali atakapolikuta kesho. Mwalimu mkuu na muuguzi walikuja kwenye chumba hiki kwa fedha zao, baada ya kukaa kwenye mafunzo ya namna hiyo na kutoka wakiwa na vyeti. Ombi langu ni kwa wanaopanga bajeti za mafunzo hayo, wilayani na wizarani: kabla ya siku ya mfumo, wekeni wiki mbili za mausi, folda na ujumbe wa katikati ya skrini, na mziweke mikononi mwa watu wanaoijua kazi hii. Waulizeni kwenye steshenari, chumba cha nyuma.